Chelo ya Nyuzi Tatu

Mwaka jana nililipwa kuandika uongo, ila wakati naandika sikujua ni uongo.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Wanamuziki fulani hapa Nairobi walikuwa wamepanga msimu wa tamasha nne, moja kila mwezi, kila moja na mada yake: Maji, Usiku, Vita, Nyumbani. Walihitaji mtu wa kuandika kijitabu cha programu, kile unachopewa mlangoni na baadaye unakitumia kujipepea. Ukurasa mmoja kwa kila kipande cha muziki, Kiswahili chepesi, na agizo moja kutoka kwa mratibu: "Mguse mtu kabla hajasikia noti ya kwanza." Malipo kwa M-Pesa, nusu kabla ya kazi, nusu msimu ukiisha. Nilikuwa nimesota. Nilikubali kabla sijauliza muziki wenyewe ni upi.

Kwa ambaye hajawahi kukaa kwenye tamasha la aina hii, muziki wa chemba ni muziki ulioandikwa kwa watu wachache: watatu, wanne, watano. Kila mmoja ana sehemu yake peke yake na hakuna mtu wa kusimama mbele akipunga kijiti. Zamani Ulaya ulipigwa kwenye vyumba vya nyumba za wenye nacho, ndiyo maana ukaitwa hivyo. Mmoja akikosea, hakuna wa kumficha. Na mara nyingi hauna maneno hata moja. Unasikia mbao, nyuzi na pumzi za watu, basi.

Hapo ndipo mada inapoingia. Mtu aliyetoka kazini Ijumaa jioni, amepanda matatu mbili na mvua imemnyeshea, hawezi kuja kwa sababu umemwambia kutakuwa na "Kwarteti Namba 8, opasi 110". Lakini ukimwambia "Usiku wa Vita", anaweza kuja. Mada ni kama mlango. Tatizo ni kwamba mtu akishapita mlangoni, anatafuta ndani ya nyumba kile kilichoandikwa mlangoni. Na mimi ndiye niliyekuwa naandika.

Usiku wa Vita ulikuwa na vipande viwili. Cha pili kilikuwa kile ambacho Mfaransa Olivier Messiaen alikiita Kwarteti ya Mwisho wa Wakati. Niliketi na bando ya shilingi mia moja, nikatafuta, na hadithi ikaniangukia mikononi ikiwa imeiva. Messiaen, askari wa Ufaransa, alitekwa na Wajerumani mwaka 1940 na kupelekwa kwenye kambi ya wafungwa wa vita, Stalag VIII-A, kando ya mji wa Görlitz. Ndani ya kambi akawa pamoja na wanamuziki watatu: mpiga chelo Étienne Pasquier, mpiga klarineti Henri Akoka, na mpiga fidla Jean Le Boulaire. Akaandika muziki kwa vyombo vilivyokuwepo, yeye mwenyewe kwenye piano. Tarehe 15 Januari 1941, kwenye baridi kali, wakaupiga mbele ya wafungwa 5,000, piano ikiwa mbovu, na chelo ikiwa na nyuzi tatu tu badala ya nne.

Nyuzi tatu! Niliona hapo hapo kwamba nimepata ukurasa wangu. Niliandika kuhusu uzi uliokosekana kana kwamba nilikuwepo. Niliandika kwamba sisi sote tunapiga maisha yetu kwa nyuzi tatu. Mratibu alinitumia ujumbe wenye moto wa emoji sita.

Usiku wenyewe ukafika. Sehemu ya tano ya kazi hiyo ni ya chelo na piano peke yake. Piano inagonga taratibu, kodi moja baada ya nyingine, na chelo inavuta wimbo mmoja mrefu ambao unaonekana hautaki kufika mahali popote. Ukumbi ulinyamaza kwa namna ambayo watu wa Nairobi hawanyamazi. Hata simu hazikulia.

Tulipokuwa tunatoka, mama mmoja wa makamo alinishika mkono. Alikuwa amekunja ule ukurasa wangu mara nne.

"Kijana, ni wewe uliandika hii?"

"Ndiyo, mama."

Akaniambia kwamba mwanzoni mwa 2008 alikuwa na duka la kushona huko Bonde la Ufa, na lilichomwa. Alichookoa ni cherehani moja, nayo mkanda wa kuzungushia gurudumu ulikuwa umekatika. Kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani alikata ukanda kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, akaufunga, akaanza kushonea watu nguo za shule. "Sijawahi kulilia ule wakati," alisema. "Watoto walikuwa wadogo, ningelia saa ngapi? Lakini leo, mwanangu, hiyo chelo ya nyuzi tatu imenifungua." Akaurudisha ukurasa kwenye mkoba, akaenda kutafuta gari.

Nilienda kula chipsi na mpiga chelo wetu nikiwa nimejaa kiburi. Yeye ni rafiki yangu, tulikua mtaa mmoja Eastlands. Nilidhani atanipongeza.

"Hizo nyuzi tatu ulitoa wapi?" akaniuliza.

"Si kila mtu anasema hivyo?"

"Kila mtu, isipokuwa yule aliyekuwa ameshika chelo."

Kumbe miaka mingi baadaye mwandishi Mmarekani, Rebecca Rischin, aliwatafuta waliokuwa bado hai, na mwaka 2003 akachapisha kitabu kizima kuhusu kwarteti hiyo. Pasquier, mwenye chelo, alimwambia kwamba chelo yake ilikuwa na nyuzi nne. Alikuwa akisema hivyo siku zote. Aliyeeneza habari ya nyuzi tatu ni Messiaen mwenyewe. Na wale wasikilizaji 5,000? Tamasha lilifanyika ndani ya kibanda kimoja cha kambi, ambacho kingeweza kubeba watu mia chache tu.

Rafiki yangu alinieleza kwa kutumia kijiti cha kutolea nyama kwenye meno, akichora shingo ya chelo juu ya meza. Wimbo ule wa sehemu ya tano unapanda hadi juu kabisa kwenye uzi mwembamba. Chelo iliyokatika ovyo haikupi ile sauti. "Yule mtu alikuwa fundi na alikuwa na chombo kizima," akasema. "Kwa nini hiyo haitoshi?"

Halafu akasema jambo lililonifanya niache chipsi. Kwamba kila anapopiga mahali, kabla hajagusa uzi, msema programu ameshawaambia watu anatoka mtaa gani, na kwamba alianza kujifunza kwa chelo ya kuazima. "Nikimaliza, wananipigia makofi kwa sababu ya mtaa. Mimi nilikosea mistari miwili mizima leo na hakuna aliyejua, kwa sababu hawakuwa wananisikiliza mimi. Walikuwa wanasikiliza stori."

Tangu siku hiyo swali moja limenikaa kooni: je, nilimkosea yule mama?

Jibu la haraka ni hapana. Cherehani yake ni ya kweli. Moto ulikuwa wa kweli. Machozi aliyoyasubirisha zaidi ya miaka kumi yalikuwa ya kweli, na kama hadithi yenye kasoro ndiyo iliyomsaidia kuyatoa, basi nani ameumia? Bibi zetu walitulea kwa hadithi za sungura na fisi, na hakuna aliyewahi kudai apewe ushahidi kwamba sungura aliwahi kusema. Tulijifunza ujanja na tulijifunza ulafi unavyomponza mtu. Hadithi inapimwa kwa inachofanya.

Nililikalia jibu hili kwa wiki kadhaa na nililipenda. Linanifaa sana mimi niliyelipwa. Lakini lina shimo. Fisi wa bibi hakuwa mtu. Pasquier alikuwa mtu. Alikuwa na miaka zaidi ya hamsini ya kusema "zilikuwa nne" na kila msimu, kila jiji, kuna kijitabu kilichosema tatu. Alifariki mwaka 1997 akiwa bado anasahihishwa na watu ambao hawakuwa kwenye kile kibanda. Ukitumia maisha ya mtu kuwagusa wengine, una deni kwake, hata kama hao wengine wamefaidika.

Na kuna deni kubwa zaidi, ambalo niliona nilipoanza kusoma vizuri. Chelo ile ilipatikana vipi? Wafungwa wenzake walichanga. Watu waliokuwa wana njaa, waliotengwa na jamaa zao, walitoa kidogo walichokuwa nacho, na Pasquier akasindikizwa na walinzi hadi dukani Görlitz akanunua chelo. Karatasi ya muziki na penseli Messiaen alipewa na mlinzi wa Kijerumani, Karl-Albert Brüll, ambaye baadaye alisaidia kughushi nyaraka za kuwarudisha wanamuziki kwao. Akoka, Myahudi aliyezaliwa Algeria, alitoroka baadaye kwa kuruka kutoka kwenye treni akiwa na klarineti yake.

Angalia uongo wa nyuzi tatu ulifanya nini. Ulichukua tukio ambalo lilikuwa mchango, harambee kabisa kwa lugha yetu, ukaligeuza kuwa hadithi ya fundi mmoja na chombo chake kibovu. Wafungwa waliotoa senti zao wakafutwa. Mlinzi aliyehatarisha shingo yake akafutwa. Nilidhani nimeongeza kitu kwenye ukweli ili uguse zaidi. Nilikuwa nimepunguza watu.

Yule mama naye hakuvuka ile kambi peke yake. Mtu fulani alimpa tyubu ya baiskeli. Wazazi fulani, nao wakiwa kwenye mahema, walilipia nguo za shule. Labda ningeandika kuhusu mchango, angeyakumbuka hayo. Labda pia asingelia kabisa. Hilo sitalijua, na sitajifanya kwamba ukweli daima unagusa kuliko uongo. Mara nyingi haugusi. Ndiyo maana tunashawishika.

Basi nikaenda mbele zaidi. Kama hadithi ndani ya mada inaweza kudanganya, je, mada yenyewe? Nani alisema kwamba muziki huu ni wa vita?

Jina la kazi linatoka kwenye Kitabu cha Ufunuo, sura ya kumi, pale malaika anapotangaza kwamba wakati hautakuwepo tena. Dibaji aliyoiandika Messiaen inazungumza kuhusu malaika huyo na umilele. Alikuwa Mkatoliki wa kupindukia na alimaanisha anachosema. Lakini kilichonimaliza ni hiki: ule wimbo wa sehemu ya tano, uliomliza mama na kunyamazisha ukumbi, haukuzaliwa kambini. Messiaen alikuwa ameuandika mwaka 1937 kwa ajili ya Maonyesho ya Kimataifa ya Paris, ndani ya kazi aliyoitunga kwa vinanda sita vya umeme ili ipigwe kwenye sherehe za maji na taa kando ya mto Seine. Chemchemi zinaruka, taa za rangi zinawaka, watu wametoka matembezi. Na sehemu ya nane, ya mwisho, ilitokana na kipande cha kinanda cha kanisani alichokiandika mwaka 1930.

Kwa hiyo wimbo ule ule ungeweza kupigwa usiku wa Maji kwenye msimu wetu. Ningeandika ukurasa kuhusu chemchemi na watu wangetoka wakitabasamu, wakisema wamesikia matone.

Nilipomwambia rafiki yangu hili nilidhani litamkera. Alicheka tu. "Sasa unafikiri Messiaen alidanganya? Aliukumbuka wimbo wake akiwa gerezani. Wewe ukifungwa utakumbuka nini, si nyimbo ulizokuwa nazo?" Nikanyamaza. Hilo sikuwa nimeliwaza. Wimbo ulienda na mwenyewe kambini, na huko ukapata maana nyingine bila kuacha ile ya kwanza.

Mfano wa Mpolandi Krzysztof Penderecki ni mgumu zaidi. Mapema miaka ya 1960 aliandika kazi ya vyombo 52 vya nyuzi, kundi kubwa kuliko chemba, inayopiga mayowe na kukwaruza kwa namna ambayo ukiisikia mara ya kwanza unaweza kudhani spika imeharibika. Mwanzoni aliiita kwa urefu wake tu: 8'37", yaani dakika nane na sekunde thelathini na saba. Baada ya kuisikia ikipigwa, akaibadilisha jina, akaitoa kwa ajili ya wahanga wa Hiroshima. Noti ni zile zile. Leo ukiambiwa jina la pili unasikia ndege, unasikia mlipuko, unasikia watu. Ungeambiwa la kwanza, ungetazama saa.

Kuna wanaosema huu ni wizi, kwamba alichukua wafu wa Hiroshima akawafanya lebo. Nilikaribia kukubaliana nao. Halafu nikafikiria jinsi sisi wengi hapa tunavyopewa majina. Mtoto anazaliwa na anaitwa jina la babu aliyekufa. Hakuna anayedai kwamba mtoto huyo ametoka kwenye maisha ya babu, au kwamba alitungwa mimba kwa ajili ya babu. Jina linakuja baada. Lakini likishakuja lina mzigo: mtoto atakumbushwa, ataambiwa "babu yako hakuwa hivyo", ataonyeshwa shamba na kaburi. Jina ni halali kwa sababu familia iko tayari kubeba mzigo wake. Penderecki hakusema aliandika akiwa amesimama kwenye majivu. Alisema, nikiusikia muziki huu nawafikiria hawa, na nawapa. Kutoa kitu kwa ajili ya wafu ni tofauti na kudai kwamba wafu ndio waliokutuma. Mimi ndicho nilichofanya kwa Pasquier: nilidai amenituma.

Kile kipande cha kwanza cha Usiku wa Vita, hiyo opasi 110 ambayo hakuna angeijia, ni ya Mrusi Dmitri Shostakovich. Aliiandika kwa siku tatu, Julai 1960, karibu na Dresden, jiji la Ujerumani lililokuwa limechomwa kwa mabomu mwaka 1945. Imetolewa rasmi kwa wahanga wa ufashisti na vita, na mimi niliandika ukurasa mzima wa mabomu. Lakini mwezi huo huo Shostakovich alimwandikia barua rafiki yake Isaac Glikman, akisema kwamba hadhani kuna mtu atakayeandika kazi ya kumkumbuka yeye akifa, kwa hiyo ameamua kujiandikia mwenyewe. Noti nne zinazoanzisha kazi hiyo na kurudi tena na tena ni herufi za jina lake, kwa namna Wajerumani wanavyoziita noti: D, Es, C, H. Mtu anaita jina lake mwenyewe kwa dakika ishirini, na kwenye kijitabu changu hakuwepo. Nilimfunika kwa vifusi vya Dresden. Sidhani mabomu ni uongo, kwa sababu mtu anaweza kulilia jiji na kujililia kwa wakati mmoja. Ila mada niliyopewa ilikuwa na nafasi ya kilio kimoja tu.

Sasa kuna watu wenye suluhisho rahisi: toeni mada zote, toeni vijitabu, acheni muziki ujisemee. Mfano wao mzuri ni London wakati wa vita. Kumbi zilikuwa zimefungwa, na michoro ya Jumba la Taifa la Sanaa ilikuwa imeondolewa isije ikalipuliwa. Mpiga piano Myra Hess akaomba zile kuta tupu zitumike. Kuanzia tarehe 10 Oktoba 1939 kukawa na muziki wa chemba kila siku ya kazi saa ya chakula cha mchana, kiingilio shilingi moja, na mabomu yalipoanza kuanguka wakahamia chini ya ardhi wakaendelea. Hadi wanamaliza mwaka 1946 walikuwa wamefanya karibu tamasha 1,700. Walipiga nini? Bach, Beethoven, Schumann, Brahms: Wajerumani, wakati Ujerumani ndiyo inayoangusha mabomu. Hakuna aliyehitaji kuandikiwa "Vita" kwenye karatasi. Kila aliyeketi alikuja na vita yake mfukoni.

Napenda picha hiyo. Na inanikumbusha kitu cha karibu zaidi, taarabu kwenye harusi ya binamu yangu Mombasa. Mwimbaji anaimba kuhusu ua, au paka, au chombo baharini. Hasemi anamaanisha nani. Kisha kwenye ubeti fulani mwanamke mmoja anainuka, noti mkononi, anacheza taratibu hadi mbele na kumtunza mwimbaji, na ukumbi mzima unageuza shingo kutafuta yule anayeambiwa. Mtunzi ametoa fumbo. Mada imeletwa na msikilizaji, kwa pesa yake, na kwa ujasiri wake. Yule mama wa cherehani, nikifikiria vizuri, alifanya hivyo hivyo. Aliinuka moyoni mwake kwenye ubeti wake.

Lakini siwezi kukubali kwamba mada zifutwe, na sababu yangu ni ya kibinafsi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Kwetu hakukuwa na piano. Mara ya kwanza kukubali kukaa na muziki huu ni kwa sababu bango lilisema "Usiku", na usiku ni kitu ninachokijua. Wengi wanaosema muziki ujisemee walifundishwa lugha yake wakiwa na miaka sita. Kumwondolea mgeni mlango kwa jina la usafi ni njia nyingine ya kumwambia nyumba hii si yako. Hess naye hakuwaacha watu bila mlango. Mlango wake ulikuwa shilingi moja na saa ya mlo.

Kwa hiyo nafikiri mada ni haki, mradi anayeiandika aseme anajuaje. Hili tumeambiwa na aliyekuwepo. Hili ni jina lililokuja baadaye. Hili ni mimi tu ninavyosikia, na wewe uko huru kusikia vingine. Ni sentensi chache. Hazipunguzi uzuri wa kitu. Zinamwachia msikilizaji nafasi ya kuinuka na noti yake mwenyewe, na zinamwachia Pasquier nyuzi zake. Na zaidi ya hapo, mwandishi akubali kwamba baadhi ya kurasa hazitamgusa mtu kabla ya noti ya kwanza. Kwani zile noti ni za nini?

Nilijaribu kulitekeleza hili. Kwa tamasha la mwisho, Nyumbani, nilimwandikia mratibu aya moja ya masahihisho iingie kwenye kijitabu: nyuzi zilikuwa nne, wasikilizaji walikuwa mia chache, chelo ilinunuliwa kwa mchango wa wafungwa, wimbo ulikuwa umeshapigwa Paris. Alinijibu kwamba nafasi haitoshi, na kwamba hakuna mtu anayekuja kwenye tamasha kusoma masahihisho. Nusu ya pili ya malipo ilikuwa haijaingia. Sikubishana. Nilijiambia nitalisema siku nyingine, mahali pengine, na pesa ikaingia Jumatatu nikalipa kodi ya nyumba.

Kwa hiyo siwezi kumaliza insha hii nikiwa nimesimama juu ya mtu yeyote. Messiaen aliongeza chumvi kwenye jambo lililompata yeye mwenyewe, kwenye baridi ile, akiwa na njaa. Mimi niliongeza nikiwa kwenye kochi, halafu nilipojua nikanyamaza kwa sababu ya kodi.

Usiku wa Nyumbani nilikaa karibu na mlango nikitazama kila anayeingia. Mama hakuja, au alikuja na sikumwona. Sina namba yake. Karatasi yangu labda bado iko kwenye mkoba wake, imekunjwa mara nne, na labda ameshamsomea mtu.

Mama, kama hili litakufikia: zilikuwa nyuzi nne. Wafungwa walichanga wakamnunulia. Yale mengine uliyoyasikia usiku ule ulikuja nayo mwenyewe, na hayo sina la kusahihisha.